Watani wa Bweni

Machi 6, 1950

Bismillahi, naanza. Mwajabu kanipa kalamu, ati mie ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Hawa mabinti wanasomea ualimu, na mwalimu hawi mwalimu mpaka apate wa kumfundisha, basi kamkamata mpishi. Herufi za Kiarabu nilizipata utotoni chuoni kwa mwalimu wa Kurani, hizi za kizungu nimezipatia ukubwani na mkono bado mzito. Mwajabu kasema, "Bi Mwaija, andika kila siku kitu kimoja tu." Kitu kimoja. Hanijui huyu.

Haya. Leo bweni limefunguliwa. Mie Mwaija binti Kibwana, mjane, mpishi na mlezi wa nyumba hii, nimewapokea wenyewe mlangoni kwa udi. Furaha niliyokuwa nayo hata wali ukashika chini, wakaula hivyohivyo. Nyumba ya mawe, kubwa, ina vyumba viwili vya kulala: kimoja kinatazama bahari, kimoja kinatazama kisima. Wa mjini na Kaole na Mbegani wamekimbilia cha bahari. Wa bara, wa Miono na Mandera na Msata, wakabaki na cha kisima. Hakuna aliyewapanga. Mafuta na maji hayahitaji mtu wa kuyatenga.

Wa mwisho kufika ni Mwanvita, Mkwere wa Miono, kaletwa na babake mzee Husseni. Mzee hakutaka hata chai. Kasimama mlangoni akaniambia, mtoto akisikia: "Mie nimemleta kwa kilio cha mamake. Mlango huu ukifungwa, wa ndoa unafunguliwa. Mchumba yupo, anangoja." Kisha akaondoka. Mwanvita akatazama vidole vyake vya miguu, halafu akauona ungo wangu, akakaa chini akaanza kupepeta mchele bila ya kuambiwa. Nimempenda hapohapo.

Machi 7

Kunde. Fatu kazikataa.

Machi 12

Nimweleze Fatu, maana bila Fatu bweni halielezeki. Ni binti Mwinyijuma wa Kaole, Mshomvi, wale wenyewe wa pwani, na anajijua kuwa Mshomvi. Akitembea utadhani katandikiwa mkeka mpaka kisimani. Hana ubaya, ila pua yake iko juu kidogo kuliko ilivyowekwa na Mungu. Chumba cha bahari chote kinamfuata. Akicheka wanacheka, akinyamaza hata paka ananyamaza.

Chakula sasa. Kila mmoja ana sahani yake ya bati, kaikumbatia kama mtu anayeficha mtoto. Bahari mkeka huu, kisima mkeka ule, wamepeana migongo. Mie nimezoea kulisha watu, sijazoea kulisha migongo.

Machi 21

Leo Mwanvita kanisaidia kukuna nazi, na mbuzi ya nazi ikienda na mdomo wangu unakwenda. Kauliza habari za kila mtu, nami nimempa. Nikamwambia bibi yake Fatu kule Kaole, Bibi Mwanabaraka, watu wote humwita Binti Unyamwezi, basi hawa lazima asili yao ni Wanyamwezi, na huo Ushomvi ni wa kupaka juu.

Nazi ikamtoka mkononi. "Bi Mwaija, kweli?"

"Mie niliwahi kukudanganya?"

"Basi Fatu mtani wangu."

Uso ulivyomng'aa sijauona hivyo tangu aje. Sisi tunajua, Mkwere na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anakutukana, hata msibani, anachukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unajikomboa, kwa kitu au kwa tusi kubwa zaidi, na mnakuwa ndugu kuliko ndugu. Mtoto kakaa wiki mbili bila ya mtu wa kumsemesha ila mie na ungo. Nikamwambia, "Umepata nduguyo."

Nimelala nimefurahi.

Machi 22

Balaa.

Asubuhi Fatu anaoga. Kanga yake mpya kaianika kwenye kamba, ile yenye jina WAJIFANYA HUNIONI NA MACHO UNAYO. Mwanvita huyoo, kaichukua, kajifunga, kasimama katikati ya ua mikono kiunoni. Fatu katoka maji yanamchuruzika.

"Hiyo kanga yangu."

"Ilikuwa yako. Mpagazi gani anajua kufunga kanga? Wewe rudi ukabebe pembe za ndovu, hii tuachie wenyewe."

Alisema anacheka, mikono kainyoosha kabisa, anangoja kutukanwa ndipo wakumbatiane. Maskini ya Mungu. Ndoo kisimani niliisikia ikidondosha maji.

Fatu akasema polepole, "Mwizi. Na babu zangu unawaita wapagazi."

Chumba cha bahari kikatoka chote. Cha kisima kikatoka chote. Yaliyosemwa siyaandiki, Mwajabu atayasoma. Mmoja kavutwa nywele, mtungi wangu wa maji umepasuka, na Mwanvita katikati anarudia, "Lakini si mtani? Lakini si mtani?" huku ananitazama mie.

Akaja Bi Mwanaharusi, mwalimu mkuu wetu, Muunguja, mtu wa kauli laini kama unga wa mchele, asiyepandisha sauti hata akiona nyoka. Akauliza mmoja mmoja. Fatu akaeleza kwa kwikwi: bibi yake ni Mshomvi toka na toka, baba na mama. Jina la Binti Unyamwezi kapewa kwa kuwa mumewe alikwenda safari ya Unyamwezi akakawia huko, naye bibi kila apitaye akimuuliza, "Unyamwezi hawajambo?" Watu wakamtania na jina likaganda.

Nikasema, "Bi mkubwa, neno la Unyamwezi limetoka kwangu. Huyu mtoto hakuiba."

Akanitazama. "Ulimi wako, Bi Mwaija, ungekuwa jembe, Miono yote ingekwisha kulimwa."

Halafu akawageukia wote. Akasema bweni hili alilipigania yeye, wakubwa hawakulitaka. Wakasema watoto wa pwani na wa bara hawakai kapu moja. "Nawapa mpaka tufunge kwa mwezi wa Ramadhani. Ikiwa bado ni nyumba mbili chini ya dari moja, nitasema wakubwa wamesema kweli. Wa mjini watalala kwao, na wa mbali watarudi kwao."

Wa mbali watarudi kwao. Mwanvita kaivua kanga, kaikunja vizuri, kaiweka kwenye mkeka wa Fatu. Fatu hakuigusa.

Machi 23

Hakuna anayesema na mwenzake. Hata mie nimesema kidogo, mpaka mzee Msabaha bawabu kauliza kama naumwa.

Aprili 4

Mvua. Sasa ndiyo masika yenyewe.

Aprili 9

Mvua. Paa la jiko linavuja penye chumvi, mahali hapo hapo, kana kwamba inaijua.

Aprili 11

Leo nimefanya jambo. Nimechukua sahani zote za bati nimezifukia chini ya gunia la makaa. Wakati wa kula wakauliza. Nikasema zimetoboka, zimekwenda kwa fundi kuzibwa. Nikatoa masinia yangu ya shaba ya harusini, nikapakua, nikawakalisha mwenyewe kwa mikono: bahari, kisima, bahari, kisima, kama shanga.

"Bi Mwaija, zote zimetoboka siku moja?" Mwajabu huyo, wa Mbegani, mtoto wa wavuvi, hapitwi na kitu.

"Kula, mwanangu, samaki anapoa."

Fatu na Mwanvita nimewaweka sinia moja. Hawakutazamana. Kila mmoja kachimba upande wake mpaka wali ukabaki katikati kama kilima cha mpaka.

Aprili 13

Mwajabu kamwona Mwanvita anamgeuzageuza samaki kwa woga. "Nyie wa bara, samaki mnamla kama mnamwomba radhi. Lete hapa." Kamchambulia miiba yote. Chumba cha kisima kikacheka, na cha bahari kikacheka, na ni mara ya kwanza kucheka kwa pamoja humu ndani. Nimejimwagia mchuzi mguuni na sikusikia moto.

Fatu hakucheka.

Aprili 18

Fundi wa sahani kaulizwa tena. Nimesema ana homa.

Aprili 24

Kaja mgeni. Bibi Mwanabaraka mwenyewe, bibi yake Fatu, katoka Kaole na mwavuli na mkate wa kumimina kaubeba kichwani. Kazee kadogo, kakavu, na bakora yake, na kila hatua mbili anasimama kusema neno. Kaingia jikoni kwangu, kaonja mchuzi. "Nani katia chumvi hii? Anagombana na mumewe?" Kafika chumba cha bahari kasema kinanuka kama chumba cha mabwana, watu wa kutandikiwa. Kafika cha kisima kasema hicho ndicho kina watu wanaojua kutandika. Mabinti wanamfuata nyuma kama vifaranga.

Halafu akakaa, akagonga bakora. "Yuko wapi huyo aliyeniita Mnyamwezi?"

Mie nikajifanya natafuta kata. Mwanvita kasogea mbele, kapiga goti, "Shikamoo, bibi. Ni mimi. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka nikuone." Kamtazama toka juu mpaka chini. Mwanvita mkononi alikuwa na kipande chake cha mkate. Kile kibibi kikanyoosha mkono, kikamnyang'anya, kikatia mdomoni chote, kikatafuna kinamtazama. Kikaondoka kinacheka peke yake mpaka barabarani.

Fatu kasimama mlangoni mdomo wazi. Mie nami nimefikiri mpaka sasa na sijapata maana, ila moyo umepata joto.

Aprili 25

Kwenye sinia Fatu kasukuma mnofu wa samaki changu, kwa kidole kimoja tu, ukaenda upande wa Mwanvita. Hakumtazama. Mwanvita kaula. Naliandika hili kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeona, na mie lisiposemwa naumwa tumbo.

Mei 3

Mvua. Muhogo.

Mei 9

Innalillahi. Bibi Mwanabaraka kafariki alfajiri. Kaamka kusali, kaegemea ukuta, roho ikatoka. Ami yake Fatu kaja kumchukua asubuhi, mvua inamwaga kama imepasuka. Fatu katoka hata viatu hakuvaa.

Chumba cha bahari wakakaa wanalia, wakasema, "Kesho ikikatika tutakwenda." Njia ya Kaole imejaa maji, Msabaha kasema pale penye mikoko yanafika magotini. Ruhusa Bi Mwanaharusi katoa, lakini kasema atakayekwenda ajue anakwenda majini.

Mie nikawa nafunga mchele wa matanga. Nikageuka, Mwanvita kasimama, kajifunga mkeka kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kaole."

"Njia unaijua?"

"Si unaijua wewe, Bi Mwaija."

Tukatoka. Nilikuwa sijafika kisimani nikasikia chapu chapu nyuma yangu. Mwajabu. Nyuma yake wa Mandera. Nyuma yao wa mjini, wale waliosema kesho. Bweni zima, mstari mmoja, mikeka vichwani, kama siafu waliofurikwa. Penye mikoko tulishikana mikono na hakuna aliyeuliza mkono huu wa chumba gani. Nilikuwa nalia na nilikuwa na raha, Mungu anisamehe, msibani naenda na raha.

Tulipofika wanaume walikuwa wamekwisha kwenda kuzika. Ndani wanawake wamejaa, vilio, Fatu kakaa penye kitanda cha bibi yake, halii, hasemi, macho makavu kama jiwe. Shangazi zake wanasema hajatia hata maji mdomoni.

Sasa sikiliza. Mwanvita kasimama mlangoni anachuruzika maji. Kaiona ile bakora imeegemea ukuta. Nikajua. Nikataka kumshika, nikashika mkeka. Kaichukua bakora, kakunja mgongo, kaingia katikati ya watu kwa zile hatua mbilimbili, kasimama, kagonga.

"Nani katia chumvi hii? Anagombana na mumewe?"

Sauti ileile. Vilio vikakatika. Kaenda mbele. "Nimetoka kidogo tu mmejaza nyumba watu wa maji. Nyie watoto wa bweni, mmekuja kulia au mmekuja kuoga? Na huyu Fatu kakaa kitandani kwangu, kitanda chenyewe kakirithi lini?"

Shangazi mmoja kainuka kama moto. "Nani huyu? Mtoto wa nani huyu asiye na adabu?"

Wallahi nilisema leo tunapigwa. Pembeni palikuwa na kikongwe, dadake marehemu, haoni vizuri, alikuwa hajasema kitu tangu tuingie. Akasema, "Kaja na nini?"

"Kwa miguu, mama," nikajibu mie. "Wote hawa wamekuja kwa miguu."

"Kwa mvua hii?"

"Kwa mvua hii."

"Basi ni mtani. Mpisheni."

Mwanvita kamfikia Fatu, kanyoosha mkono mbele ya uso wake kama anayedai, vilevile bibi alivyounyooshea mkate. Fatu kamtazama. Mdomo ukaanza kumtetema, nikasema sasa atalia, kumbe anacheka, kacheka mpaka kikageuka kilio, akamwangukia begani, wakalia wawili hao mpaka shangazi yule mkali naye akakaa chini akalia upya.

Mei 13

Tumerudi baada ya matanga. Fatu kafungua sanduku, katoa ile kanga, kamtupia Mwanvita usoni. "Chukua, mwizi we."

"Ahsante, mpagazi."

Nimekwenda nje nikacheka na kuku.

Mei 15

Nimezifukua sahani za bati. Mwajabu kasema, "Fundi kapona?" Hakuna aliyezitaka. Nawamwagia kuku maji humo.

Mei 27

Nyumba imekuwa wazimu. Ulianza utani wa wawili, sasa ni utani wa vyumba. Kisima wameiba ndoo za bahari, bahari wameiba mito ya kisima. Bahari wanaitwa wala ngadu, wale kaa wa matopeni, kisima wanaitwa wala mlenda. Leo nimekuta wa Mandera kalala kizingitini, hakuna kupita mpaka utoe peremende. Na mtu akiumwa, chumba kile kingine ndicho kinamchemshia maji, kinamtukana na kumkanda. Mzee Msabaha kasema miaka yote aliyokuwa bawabu hajasikia makelele mazuri hivi. Mie nalala nimechoka mbavu.

Juni 8

Mvua zimekatika. Ramadhani inakaribia, wote wanafunga virago vya likizo. Bi Mwanaharusi hajasema kitu. Mwanvita kaniuliza, "Bi Mwaija, virago nifunge vyote au niache vingine?" Sikujua la kumjibu. Huo ndio ujue ukubwa wa jambo.

Juni 10

Kaja. Bi Mwanaharusi, bila ya taarifa, baada ya sala ya alasiri, kavua makubadhi yake mlangoni kama ada yake, na kabla sijamkaribisha kikatoka kishindo cha ukumbini:

"Leteni mito yetu, wala ngadu!"

"Njooni muichukue, wala mlenda, mnaoomba radhi samaki!"

Mto ukapita hewani, pamba zikamwagika miguuni pa mwalimu mkuu. Wote wakaganda.

Kasema kwa ile kauli ya unga wa mchele, "Nimekuja kuona nyumba moja. Nasikia matusi ya nyumba mbili. Nilitaka leo niandike niwaambie wakubwa habari njema."

Nikamtazama Mwanvita. Midomo imekuwa myeupe. Basi ulimi wangu, ambao ungelima Miono yote, nikautia kazini. "Bi mkubwa, hebu niambie. Unguja kwenu watu wa aina gani hutukanana na hawagombani?"

Akafikiri. "Mabinamu. Mtoto wa mjomba na wa shangazi."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa ni damu, hawana pa kwenda."

"Na hawa hawana pa kwenda. Hilo si tusi, bi mkubwa, hiyo ni hodi."

Kawatazama, kautazama mto, kayatazama masinia yaliyoegemezwa ukutani. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Akageuka kwenda zake, akafika mlangoni.

Makubadhi hayapo.

Katazama kulia, katazama kushoto. Nikamwona Fatu. Fatu binti Mwinyijuma, Mshomvi, pua juu, mikono kaificha nyuma. Yule yule aliyemwita mwenziwe mwizi. Akasema kwa heshima zote, "Bi mkubwa, viatu vina ada yake siku hizi, havitoki bila ya kukombolewa."

Bi Mwanaharusi kamtazama muda ambao sitaki kuurudia. Halafu kalikusanya buibui lake kidogo, kashuka, kapita matopeni kwa miguu mitupu mpaka nyumbani kwake, mgongo umenyooka, hakugeuka.

Fatu kakaa chini palepale. "Nimewafukuzisha," akasema. Mwanvita kakaa ubavuni mwake, kamwambia, "Nyamaza, mpagazi," na hakuna aliyecheka.

Juni 11

Makubadhi yameoshwa, yamepakwa mafuta ya nazi, yametiwa asumini. Wamekwenda wote wawili kuyarudisha. Bi Mwanaharusi kayapokea, kafunga mlango.

Juni 12

Kimya. Hata mito imerudi kwa wenyewe. Mwanvita kafunga virago vyote.

Juni 13

Nimerudi kisimani asubuhi, uji uko motoni, nataka kukoroga, mwiko haupo. Mwiko wangu mkubwa wa mpingo, huo huo mmoja. Nimeuliza bahari, wameapa. Nimeuliza kisima, wameapa. Uji ukaanza kufanya madonge, nikakoroga na kipande cha kuni huku nawasema wote na mama zao.

Kaja mzee Msabaha, kavua kofia, anajizuia kucheka na hajui kujizuia.

"Bi Mwaija, Bi mkubwa kaondoka asubuhi kwenda kwao Unguja kwa mfungo. Kaacha salamu."

"Kasemaje?"

"Kasema mwiko wa mabinamu anao yeye. Atakaye aje kuukomboa hapahapa, baada ya Idi."

Kuni ikanitumbukia ndani ya uji. Fatu alikuwa ameshasikia, alikuwa anakimbia mbio ukumbini hajafunga hata ushungi, anapiga kelele, "Mwanvita, mkulima we, fungua virago!"

Uji umeungua. Wameula hivyohivyo.